Nusu saa ndani ya chuo kikuu cha jirani: nyota nne kati ya tano

Daktari aliniagiza nitembee dakika 150 kwa wiki. Nikazigawa kwa siku tano, nikapata nusu saa. Mtaani, nusu saa hiyo iliishia kwenye kukwepa pikipiki. Ndipo nikakumbuka kwamba nyuma ya nyumba yangu kuna chuo kikuu ambacho sijawahi kukanyaga tangu nihamie.

Siku ya kwanza mlinzi wa getini alinisogezea daftari. "Mzee, umekuja kumwona nani?" Nikamwambia simwoni mtu, natembea tu. Akafikiri kidogo, kisha kwenye safu ya shughuli akaandika mwenyewe: "Anatembea". Huu mwezi wa nne, na akiniona kwa mbali tu anaandika hivyo hivyo.

Sifa kubwa naipa miti. Mingi ina kibao cha bati chenye jina la kisayansi, na vingine vimekaa hapo miaka mpaka gome limeanza kumeza herufi. Mwarobaini ni Azadirachta indica, mwembe ni Mangifera indica, mkwaju ni Tamarindus indica. Hiyo indica maana yake ni "wa India", na Tamarindus imetokana na Kiarabu, tamr hindi, yaani tende ya India. Mti wenye asili ya Afrika umeitwa Mhindi mara mbili! Nilicheka peke yangu pale chini, wanafunzi wakanipisha.

Njia rasmi ni za zege na zinazunguka bustani kwa kona kali. Wanafunzi hawana muda huo. Wamekata majani kwa miguu, mstari mmoja kutoka mabweni hadi maktaba. Mimi nafuata wa kwao, maana goti langu linapatana zaidi na udongo.

Nenda asubuhi na mapema, au wakati wa likizo. Saa ya kubadilishana vipindi usithubutu, wanatoka kundi zima macho kwenye simu.

Nyota niliyoinyima ni ya geti dogo. Wiki ya mitihani hulifunga bila tangazo, nawe unagundua ukiwa umeshafika, ukiwa na kiu, na inabidi uzunguke ukuta wote. Mabenchi nayo hayana egemeo, ila hilo nimelizoea.

Halafu kuna mpiga tarumbeta. Hufanya mazoezi dirishani, ghorofa ya pili ya jengo la muziki, kipande kile kile kila siku, na kila siku hujikwaa kwenye noti ile ile ya juu. Nimefika mahali ambapo nikikaribia jengo lile napunguza mwendo na kubana pumzi. Jumanne iliyopita aliipata. Kimya kidogo, kisha akairudia, akaipata tena. Nikapiga makofi huku chini, dirisha likafungwa haraka.