Dansi la zamani au Bongo Fleva ya mwanzo: zama zipi za dhahabu?

Wazee wakitaja zama za dhahabu za muziki wa Tanzania, wanamaanisha dansi la miaka ya 1960 na 1970: NUTA Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, magitaa yakijibizana. Vijana wa jana (nao sasa wana mvi) watakutajia Bongo Fleva ya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Tofauti kubwa ni nani alilipa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilikuwa vya mwajiri na mwanamuziki alipata mshahara, ndiyo maana bendi ya watu wengi iliweza kudumu pamoja hadi ikaiva. Ila mlango wa kurekodi ulikuwa hasa mmoja, Radio Tanzania, na mashairi yalikaguliwa kwanza.

Bongo Fleva ilishika kasi baada ya redio binafsi kuruhusiwa miaka ya 1990. Prodyuza na kompyuta vilitosha. Professor Jay na Juma Nature waliimba ya mtaani bila kungoja ruhusa ya mtu.

Kwa upigaji, nachagua dansi bila kusita. Kwa ukali wa maneno, Bongo Fleva.