Chakula cha Jioni Mji Mkongwe: Hurumzi au Shangani?

Anayetaka kula katika jengo la kihistoria lililogeuzwa hoteli ya kifahari, Zanzibar, atasikia majina mawili haraka. Emerson on Hurumzi lilikuwa jumba la tajiri Tharia Topan katika karne ya 19. Serena ya Shangani, iliyofunguliwa mwaka 1997, imekaa katika ofisi ya zamani ya simu pamoja na nyumba ya jirani.

Hurumzi unapanda ngazi za mbao zenye mwinuko mkali hadi darini, unavua viatu, unaketi juu ya mito, na wakati jua linapozama unaona mabati yaliyoshika kutu, minara ya misikiti na bahari kwa mbali, huku adhana zikipokezana kutoka kila mtaa. Kwangu mimi, hapo ndipo mji wenyewe unapokaa mezani pamoja nawe. Nafasi ni chache, kwa hiyo ni lazima uweke mapema.

Serena ina viti vya kawaida, bwawa la kuogelea na upepo wa pwani. Ukiwa na mzazi anayesumbuliwa na magoti, mpeleke huko bila kusita, kwani zile ngazi za Hurumzi zitamtesa.