Waliniambia saa 500: uzoefu wangu wa kuunganisha ndege nyumbani Mtwara

Yule bwana wa huduma kwa wateja aliniuliza kama nina uhakika sijazigeuza mbavu za bawa la ndege yangu chini juu. Aliniuliza mimi, fundi bati mwenye miaka 28 kazini, niliyekunja mabati ya mabasi na mashua mpaka vidole vikapinda. Swali hilo ndilo lililonikalisha leo niandike, maana kila nikilikumbuka chakula hakishuki.

Nieleze tangu mwanzo. Miaka kadhaa nyuma niliagiza seti ya ndege ya kuunganisha mwenyewe kutoka kampuni moja ya Marekani. Jina silitaji. Ni ndege ndogo ya watu wawili, ya bati la aluminiamu. Vipande vinakuja vimekatwa, vingi vimeshatobolewa, kazi yako ni kuviunganisha. Nilikua hapa Mtwara nikiziangalia ndege zikishuka uwanjani kwetu, nikaapa kuwa siku moja nitarusha ya kwangu. Sikununua yote kwa mkupuo. Nilianza na mkia, korosho zetu za Tandahimba zilipopata bei nikaagiza mabawa, msimu mwingine kiwiliwili. Kungoja pesa za korosho ni juu yangu, hilo siwalaumu hata kidogo. Nawalaumu kwa maneno waliyoyaandika kwenye tangazo lao, kwamba kazi yote ni saa 500.

Nikapiga hesabu kwenye daftari. Saa 2 kila jioni, siku 5 kwa wiki, ni wiki 50. Mwaka mmoja, na sikukuu zote mbili za Idi nimepumzika. Nikamwambia mama watoto, mwakani wakati kama huu nakupeleka Kilwa kwa ndege. Akaamini. Na mimi niliamini, kwa sababu aliyetengeneza kitu ndiye anayejua kinachukua muda gani.

Mkia ulikwenda vizuri, nisiwadhulumu. Likaja sanduku la mabawa.

Bawa la kulia na la kushoto yanatazamana kama viganja vya mikono. Ubavu, kile kipande cha bati kinacholipa bawa umbo lake, wa sehemu ya mbele una mkunjo pembeni, na mkunjo huo lazima uelekee upande wake: wa kulia huku, wa kushoto kule. Nilitakiwa kupata mbavu 7 za kila upande. Nikazipanga mezani mmoja mmoja, mpwa wangu akinishikia tochi kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Nikazihesabu, nikarudia. Mbavu 14, zote za kushoto.

Nikaandika barua pepe usiku uleule. Wiki 3 kimya. Walipojibu wakataka picha. Nikapiga picha, rula nimeilaza pembeni, mkunjo nimeuchorea mshale kwa kalamu ya wino. Wiki 2 nyingine. Wakasema niuangalie tena ule ukurasa wa mchoro. Ukurasa nilikuwa nimeuangalia mpaka karatasi imelegea! Ndipo nikaweka salio la kutosha nikapiga simu, saa 5 usiku kwetu, kwao bado mchana.

Hapo ndipo nilipoulizwa swali lile. Ubavu wa bawa la ndege hii mgongo wake umebinuka na tumbo lake limenyooka. Ukiupindua ili mkunjo utazame upande wa pili, mgongo unakuwa tumbo. Mtoto wa darasa la nne ukimpa kipande kile mkononi ataliona hilo. Na huyu ni mtu anayekula mshahara wa kuuza ndege.

Nikamjibu kwa adabu kwamba sijazigeuza. Nikamwambia pia kwamba daftari langu limeshapita saa 600 na bawa hata moja sijafunga, kwa hiyo tangazo lao linapotosha watu. Akacheka. Akasema huko Oshkosh watu walimaliza ndege nzima kwa wiki moja, sasa wewe una mwaka wa ngapi? Halafu akaongeza, taratibu kabisa, kwamba pengine kazi hii haimfai kila mtu.

Simu ilikuwa kwenye spika. Mpwa wangu akasema, "Mjomba, kata." Sikukata. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, nikasema asante, nikaenda kukaa nje mpaka adhana ya alfajiri.

Hiyo habari ya Oshkosh ni ya kweli, na ndiyo maana imeniuma. Oshkosh ni mji wa jimbo la Wisconsin ambako kila mwaka hukutana watu wa EAA, chama cha wajenzi wa ndege za nyumbani kilichoanzishwa 1953. Mwaka 2014 waliunganisha pale ndege ya Zenith CH 750 Cruzer ndani ya siku 7, na mwaka 2018 wakafanya vilevile kwa ndege nyingine, RV-12iS. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotoka kwa kampuni yake huyu bwana, ila sifa amezichukua. Na pale kulikuwa na umati wa watu waliojitolea, mtu anapita anafunga ribiti yake moja, kile kipini cha kushikisha bati kwa bati, anampisha mwenzake. Vifaa vimepangwa, wataalamu wamesimama, vipande vyote vipo. Hakuna aliyesimamisha kazi akingoja ubavu wa kulia uvuke bahari. Kumpimia kwa kipimo hicho mzee mmoja na mpwa wake ni dhuluma.

Sasa niwaambie saa zinapotelea wapi, maana kwenye tangazo hamtaliona. Chukua tundu moja tu la bati la bawa. Unalaza bati juu ya ubavu, unabana kwa kleko, vile vibanio vidogo vya springi. Unapitisha drili kulifikisha tundu kipimo chake. Unatoa kleko zote, unalitenga bati na ubavu. Halafu unanyoa kingo za tundu, ndani na nje, kwenye bati na kwenye ubavu pia, kwa sababu ukiacha kinywele kimoja cha chuma bati halilali vizuri na ufa unaweza kuanzia palepale. Unafuta mafuta, unapaka rangi ya kuzuia bati lisiliwe na chumvi, unangoja ikauke. Unarudisha bati, unabana kleko upya. Ndipo unaweka ribiti. Ribiti yenyewe haimalizi hata dakika. Tundu hilo moja mkono umeshalipitia mara 6 au 7, na matundu ni maelfu. Mpwa wangu ana sugu kwenye kidole gumba ya ule mchezo wa kunyoa kingo, kijana wa miaka 17.

Rangi yenyewe wao wanasema ni hiari. Hiari kwa mtu anayekaa mbali na bahari! Banda langu liko Shangani, kusi ikivuma ukipitisha kidole kwenye meza unapata chumvi. Aluminiamu ukiiacha wazi hapa inatoa unga mweupe, na pale bati linapolaliana na bati huuoni unga huo mpaka umeshakula. Kwa hiyo napaka kila mahali, na mvua zetu za Desemba mpaka Aprili hewa imejaa maji, rangi inakaa inanata. Kuna wiki nimefungua banda, nikagusa, nikafunga.

Halafu kuna vitu ambavyo saa 500 hazivijui kabisa. Kusoma michoro hawahesabu. Nyaya hawahesabu, wala rangi ya nje. Kufunga injini ni hesabu nyingine, na injini yenyewe haimo kwenye seti, unaagiza kwingine. Nyingi za ukubwa huu hufungwa Rotax 912 ya Austria. Sheria ya Marekani inataka zaidi ya nusu ya kazi ifanywe na mjenzi mwenyewe ndipo ndege iandikishwe kuwa ya kujengwa nyumbani, hivyo naelewa kwamba hawawezi kunimalizia wao. Sawa. Lakini kama zaidi ya nusu ni ya mikono yangu, waseme ukweli kuhusu muda wa mikono yangu. Hata huko kwao ukishamaliza kuunganisha, kwa kawaida kuna saa 25 mpaka 40 za kuijaribu angani kabla hujapakia abiria. Mama watoto sijamwambia hilo.

Mbavu za kulia zilikuja. Zilichukua miezi, na usafiri walinilipisha mimi, kosa lao nauli yangu. Kutoka Dar zikapanda basi, na ilikuwa kipindi kile cha kimbunga Hidaya barabara ilipokatika kule Somanga, mzigo ukalala njiani siku nyingi mpaka nikaamini umepotea. Nilipoupokea stendi nilikuwa nimeshaitunga tathmini hii kichwani. Ilikuwa na neno moja, msinunue.

Jioni ile nikaushika ubavu wa kwanza wa kulia, nikausogeza kwenye mhimili wa bawa. Matundu yakakutana. Yote. Kleko ya kwanza ikaingia bila kusukumwa, ya pili, ya tatu, mpaka ubavu wa saba wa mwisho, bati likalala juu yake kama shuka kwenye godoro jipya. Nimefanya kazi ya bati umri wangu wote na sijawahi kuona vipande vilivyokatwa mbali hivyo vikakubaliana hivyo. Mpwa wangu akasema "mashallah" na mimi nikashindwa kusema kitu. Yeyote aliyeichora ndege hii ni fundi haswa, namvulia kofia.

Kwa hiyo siwezi kuandika msinunue. Nyota 4, na ningeagiza tena. Hapana, 4 ni nyingi. Nikikumbuka kile kicheko nashuka mpaka 2. Bati lao linastahili 5 na sitamwacha mtu aliseme vibaya mbele yangu, lakini mteja hanunui bati peke yake, ananunua na mtu atakayepokea simu bati likiwa na kasoro. Ziwe 3, na hizo 3 ni za mchoraji. Yule bwana wa simu hana hata moja.

Ukiamua kununua, wakiandika saa 500 wewe andika 1,500 na usimwahidi mkeo safari. Hesabu vipande siku ileile sanduku linapofika, kulia na kushoto, kabla hujalipia sanduku linalofuata. Na nenda Mamlaka ya Usafiri wa Anga kabla ya ribiti ya kwanza, maana alama za 5H- za ndege za Tanzania na kibali cha kuruka havitoki bandani kwako. Piga picha kila hatua, bati likishafungwa hakuna atakayeona ndani.

Daftari langu leo linasoma saa 1,412. Mabawa yamekamilika yameegemea ukuta, kiwiliwili kimesimama kwenye magurudumu, injini bado. Watoto wa mtaa wakipita kutoka madrasa wanachungulia mlangoni, "Babu, inaruka lini?" Nawajibu bado, wanangu.

Zile mbavu 7 za kushoto zilizozidi ninazo, nimezifunga kwenye karatasi zake, hazijapata mkwaruzo. Nimewaandikia mara mbili niwarudishie. Wananiomba nitume picha.