Gundi ya stika kwenye mlango wa gari: thina au mafuta ya taa?

Stika iliyopigwa jua miaka kadhaa ukiibandua, karatasi hutoka na gundi hubaki: utando wa kahawia unaonasa vumbi na vidole. Wengi hukimbilia thina. Mimi, kwa bati lenye rangi, natetea mafuta ya taa.

Thina ni ya haraka, hilo halina ubishi. Ila haichagui. Ndiyo hiyo hiyo inayoyeyushia rangi za kupuliza, kwa hiyo mlango uliorudiwa rangi gereji unaweza kulainika na kupoteza mng'ao. Kitambaa kikianza kutoka na rangi ya gari, acha papo hapo. Mvuke wake nao hushika moto upesi mno, na ndani ya chumba kilichofungwa unalevya kichwa.

Mafuta ya taa yanataka subira. Jaribu kwanza pembeni pasipoonekana. Lowesha kitambaa, kilaze juu ya gundi dakika 10 hivi, kisha kwangua kwa ukingo wa kadi ya plastiki, kamwe si wembe. Gundi hujikunja vijitonge vijitonge ikiachia bati. Iliyokaidi, rudia. Kisha osha kwa maji ya sabuni, maana mafuta yakibaki stika mpya haitashika. Nayo yanawaka pia, kwa hiyo kaa mbali na jiko na sigara.

Bati tupu au chuma cha pua? Hapo nachukua thina bila kusita, nje penye upepo, maana hakuna rangi ya kuharibu.