Vallée de Mai, Praslin: kiingilio kinalipa, nazi ya dukani ifikirie mara mbili

Vallée de Mai ni hifadhi ya msitu yenye hekta 19 na nusu tu, katikati ya kisiwa cha Praslin, Shelisheli. Mwenye haraka huimaliza kwa saa moja, na huyo ndiye anayelalamika kwamba kiingilio ni ghali. Tenga saa tatu, na chukua mwongozaji kama ni mara yako ya kwanza. Bila kuonyeshwa utaona minazi mirefu na basi.

Mti wenyewe ni coco de mer, unaoota porini Praslin na kisiwa jirani cha Curieuse peke yake. Dume na jike ni miti mbalimbali. Jike huzaa nazi pacha iliyofanana na nyonga za mwanamke. Dume huning'iniza shada la maua lenye urefu wa mita na zaidi, na umbo lake halihitaji maelezo. Wageni hucheka, wenyeji wamezoea: hata muhuri wa pasipoti una umbo la nazi hiyo. Nazi yetu hukomaa kwa takriban mwaka. Hii hukaa mtini miaka 6 hadi 7, na tunda zima pamoja na makumbi linaweza kuzidi kilo 20.

Mvua ikinyesha usikimbilie mgahawani. Tazama jani moja, pana kama kipepeo cha kujipepea kilichofunguliwa: maji hufuata mikunjo yake hadi kwenye kikonyo, yakateremka shinani yakiwa na chavua na vinyesi vya ndege. Mti hujilisha hivyo, maana udongo wa pale ni duni. Ila njia huteleza; kandambili ziache hotelini.

Kasuku mweusi (kusema kweli ni wa kahawia) husikika kabla hajaonekana, kwa mluzi mkali. Nenda asubuhi mlango unapofunguliwa, kabla makundi ya watalii hayajajaza njia. Saa sita mchana ni bahati nasibu.

Sasa nazi ya kubeba nyumbani. Bei ni ya kuumiza na hatuipendekezi kwa kila mtu. Kwanza dai namba ya utambulisho iliyobandikwa kwenye nazi na kibali chake, halafu linganisha namba hizo mbili hapo hapo. Bila kibali itazuiwa uwanja wa ndege, na tangu 2010 Shelisheli imeiweka kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Usitarajie nyama ndani: kifuu hupasuliwa, nyama ikatolewa, kisha vipande vikagundishwa tena. Pitisha ukucha kwenye mshono. Ukinasa, kazi ni mbovu, chagua nyingine. Iliyopigwa vanishi sana hupoteza mistari yake ya asili.

Mbichi, kwa taarifa tu, huzama majini. Zilizookotwa Maldivi zamani zilikuwa tupu, na kwa sababu hiyo jina la kisayansi likabaki *maldivica*, ingawa hakuna mti hata mmoja uliotokea huko. Mashina yake hayakujulikana kwa mabaharia wa Ulaya mpaka 1768.

Boti kutoka Mahé, kisiwa kikuu, huchukua kama saa moja na hushusha Baie Sainte Anne. Basi la kwenda Grand Anse hupita mlangoni, kwa hiyo teksi si lazima. Miezi ya kusi bahari huchafuka: kaa nyuma, kunywa dawa ya kichefuchefu nusu saa kabla ya kung'oa nanga.