Kusafishwa meno Mtwara mjini: miezi minane ya kutema damu imekwisha

Kwa miezi minane nilikuwa natema povu jekundu kila asubuhi. Mwanzo niliulaumu mswaki, nikanunua mwingine laini, damu ikaendelea. Ndipo nikafanya kosa ambalo nadhani wengi tunalifanya: palipotoka damu nikawa napakwepa, nasugua juu juu tu. Siku moja nimeng'ata embe bichi, naangalia, alama ya meno imebaki na damu kwenye nyama ya embe. Niliogopa kwa kweli.

Duka moja la dawa huku Mikindani waliniuzia vidonge vya antibayotiki bila hata kuniambia nifungue mdomo. Damu ilipungua siku chache, ikarudi vilevile. Jambo hilo liliniuma, maana tatizo lilikuwa linaonekana kwa macho.

Wifi yangu ndiye aliyenivuta mpaka kliniki ya meno mjini. Daktari alikuwa binti, mdogo kwangu. "Shikamoo mama," kisha maswali: nina ujauzito? Natumia dawa za presha, au za kuzuia damu kuganda? Nimewahi kupima sukari? Kila swali alilieleza. Ujauzito hufanya fizi zivimbe na kutoka damu kirahisi, dawa za presha kama amlodipini na nifedipini zinaweza kukuza fizi, na sukari isiyodhibitiwa huufanya ugonjwa wa fizi uwe mkali. Akaniuliza na sigara, kwa kuwa kwa mvutaji ugonjwa unaweza kuendelea chini kwa chini huku damu ikitoka kidogo tu.

Akapitisha kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino. Mpaka 3 ni kawaida. Mimi sehemu mbili zilisoma 5. Kisha akanipa kioo, akaniambia, "Mama, angalia nyuma ya meno ya mbele ya chini." Ugaga! Wa manjano kuelekea kahawia, umeshikana jino kwa jino kama chaza walioganda kwenye mwamba. Pale ndipo mate ya chini ya ulimi yanapomwagikia, na madini yake huugeuza utando wa bakteria kuwa jiwe. Jiwe hilo mswaki hauling'oi, wala vidonge haviliyeyushi.

Usafishaji ulichukua kama dakika arobaini. Mashine inapiga mluzi, inarusha maji, na mrija unayanyonya. Sikuchomwa ganzi; palipouma sana ni sehemu zile mbili tu. Aliponionyesha vipande kwenye pamba, vingine vilikuwa vikubwa kama punje ya mchele.

Ambacho sikukipenda: nilisubiri karibu saa tatu, na bei, sh. 50,000, niliambiwa kazi ikiwa imeshaisha. Mtu aambiwe mapema ajipange.

Siku nne za mwanzo maji baridi yalinitia ganzi ya meno, na ulimi ulihisi mianya mipya. Mtaani wanasema mashine inalegeza meno, na nilianza kuamini. Nilipompigia daktari alinielewesha kwamba mianya ilikuwepo, ugaga ndio uliokuwa umeijaza. Masharti yake: mswaki laini mara mbili kwa siku, ulazwe kidogo kuelekea fizi, dawa yenye floraidi, na uzi wa meno usiku. Maji ya kusukutua yenye kloraheksidini, dawa ya kuua bakteria, alinipa ya wiki mbili tu, maana ukiyazoea yanayapaka meno rangi ya kahawia. Alisisitiza kwamba damu ikitoka nisipakwepe, nipasafishe taratibu. Siku ya tisa uzi ulitoka mweupe. Sasa ni mwezi wa tatu, fizi zimekaza na rangi ya wekundu mzito imeondoka.

Mama yangu ana sukari, na meno mawili yamemtoka yenyewe, anasema ni uzee tu. Jumanne nampeleka kwa daktari yule yule. Bei nimeshaiuliza kwa simu.