Fundi alilituliza bega langu, bunduki akaiacha ijiponde yenyewe

Nilisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo.

Bunduki yenyewe ni FAL, ile ya kiwanda cha Wabelgiji cha FN. Aliyezoea SLR ya Waingereza akiiona ataijua tu, ni ndugu. Yangu iliundwa hapa Marekani kwa vipuri vya zamani juu ya mwili mpya, na inafyatua risasi moja moja. Risasi yake ni kubwa, sikutegemea inibembeleze. Lakini hii yangu ilikuwa imepitiliza. Magazini mbili tu, risasi arobaini, bega linavimba. Maganda yalikuwa yanaruka mbali mpaka watu wa meza ya tatu pale uwanja wa shabaha wakalalamika, na nilipoyaokota nikakuta kingo zake za nyuma zimeng'atwa na ndoana inayoyavuta, mengine yamebonyea mdomo. Nilipoifungua kuisafisha nikaona pale kibeba boliti, kile chuma kinachokwenda nyuma na mbele kila unapofyatua, kinapoishia kikirudi nyuma pamepondeka, rangi imetoka, chuma kinang'aa. Hapo ndipo nilipoogopa. Bega litapona. Chuma kikipasuka kimepasuka.

Nikaipeleka kwa fundi bunduki mmoja nje kidogo ya Houston. Jina la duka silitaji. Nilimweleza yote, nikamwekea maganda yangu juu ya kaunta ayaone, nikamwachia na kimkoba cha vifaa kilichokuja na bunduki. Maganda hata hakuyatazama. Aliipima bunduki mkononi, akanitazama mimi juu mpaka chini, akasema mbele ya wateja wawili kwamba huenda bega langu halijazoea bunduki za wanaume. Wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaosoma chuo, nilikwenda kwake na pesa yangu na swali la adabu. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kazi ifanyike. Mpaka leo nakujutia kule kunyamaza.

Ikakaa kwake karibu wiki sita. Bili dola 385. Alifunga breki mpya kwenye mdomo wa mtutu, akaweka mpira mnene nyuma ya kitako, akabadilisha springi zote mbili zinazokaa moja ndani ya nyingine mle kitakoni, kisha akaipulizia bunduki nzima rangi nyeusi.

Na hapa niseme haki. Siku ya kwanza nilifurahi sana. Breki ile imekaa sawasawa, hesi zake zimechongwa vizuri, na mtutu hauruki tena juu kama zamani. Rangi inapendeza. Mlio ni mkali zaidi kwa aliyesimama ubavuni, hilo ni kawaida ya breki zote, gesi inatokea pembeni, simlaumu. Jioni ile ningeulizwa ningempa nyota nne, na lile neno lake ningelisamehe.

Ila maganda yalikuwa bado yanaruka kule kule. Nilihesabu hatua kumi na mbili, mbele kulia. Kingo zake zimeng'atwa vile vile.

Sasa, pale uwanja wa shabaha huwa anakuja mzee mmoja Mkongomani, mtu wa Lubumbashi, analetwa na mwanawe. Alikuwa askari enzi za Mobutu na FAL aliibeba miaka mingi. Nilimpa shikamoo kwa mazoea ya kwetu, akacheka, akaitika, "Jambo, mwana." Akasimama nyuma yangu, akasikiliza risasi tatu. Hakuuliza lolote kuhusu bega langu. Akasema, "Iko inakula gazi mingi." Nikaitoa magazini, tukahakikisha chemba iko tupu, akainama akatazama pete iliyo nyuma ya kilengeo cha mbele. "Nani alifunga hii kintu mpaka mwisho?"

Kwa asiyejua: risasi ikipita kwenye mtutu, gesi kidogo inapenya kwenye tundu, inasukuma pistoni, pistoni inakisukuma kibeba boliti kirudi nyuma, ganda litoke, risasi nyingine iingie. Kwenye FAL ile pete ndiyo inayopanga. Ukiifungua, gesi nyingi inatoroka nje bila kufanya kazi. Ukiikaza mpaka mwisho, yote inakwenda kwenye pistoni, na kibeba boliti kinarudi nyuma kama kimekimbizwa, kinagonga mwisho wa njia kwa nguvu zote. Huko ndiko kuchakaa kunakotoka. Mpira wa kitako haukifikii kibeba boliti. Breki inalisaidia bega na kuutuliza mtutu, lakini mle ndani chuma kinaendelea kupigana na chuma kwa kasi ile ile. Springi mpya zinasaidia, sikatai, zile za zamani pengine zilikuwa zimechoka. Lakini pete ilikuwa imekazwa mpaka mwisho, na fundi wangu alikuwa ameipulizia rangi juu yake! Rangi imeziba meno, haijakatika popote. Maana yake mkono wake haukuwahi kuigusa. Wiki sita bunduki iko mezani kwake.

Mzee akaomba mafuta ya kulegeza kutu, tukasubiri kidogo, akaizungusha kwa msumari. Akaifungua sana. Akaniambia niweke risasi moja tu kwenye magazini, nifyatue. Boliti haikubaki nyuma kama inavyotakiwa magazini ikiisha, gesi haikutosha. Akakaza jino moja. Risasi moja tena. Bado. Jino jingine. Tukaenda hivyo, risasi moja moja, mpaka boliti ikabaki nyuma yenyewe juu ya magazini tupu. Tukarudia mara kadhaa kuhakikisha, kila mara inabaki. Ndipo akaongeza meno mawili, akasema hayo ni ya siku ya vumbi na uchafu. Akaufuta mkono kwa kitambaa, akaenda kukaa na mwanawe. Hatukumaliza hata nusu saa, na risasi zilizotumika hazikufika ishirini.

Maganda sasa yanaanguka hatua nne, tano. Kingo nzima. Na teke lake, jamani, ni bunduki nyingine. Linasukuma, halichapi. Wiki iliyofuata niliuvua mpira mnene nikarudisha bamba la zamani la kitako, nikapiga risasi sitini, nikaenda kazini kesho yake bila kumeza dawa.

Nilimpigia fundi simu. Sikwenda kwa matusi. Nilimweleza kilichokuwa kimekazwa, nikamwambia angalau anirudishie pesa ya ule mpira. Akajibu kwamba mimi nilimletea bunduki inayopiga bega sana, naye ameipunguza kupiga, kazi imeisha. Nikamwuliza kama alijua pete ile ni ya nini. Akasema kila bunduki ya aina hiyo inapiga hivyo. Kila bunduki! Bunduki iliyotengenezwa na pete ya kuipangia gesi tangu kiwandani, na fundi wa kulipwa hajui, au anajua na haoni faida, maana kuzungusha pete hakuna bili ya dola 385.

Kwa kazi ya breki peke yake, nyota tatu. Nilikuwa nimeandika hivyo hapa mwanzoni, nimefuta. Mtu akikwambia breki yake ni nzuri, ni kweli, nenda ukafungiwe breki. Lakini usimpelekee bunduki inayojiponda ukategemea ataiona. Na mimi siwezi kumpa mtu nyota tatu wakati mwili wa bunduki yangu una mahali pamepondeka zaidi kuliko nilipompelekea, kwa sababu nilipiga risasi karibu mia mbili baada ya yeye kuniambia imepona. Nyota moja. Hiyo moja ni ya hesi za mtutu.

Bado sijarudishiwa kile kimkoba cha vifaa. Ndani yake mna kifunguo cha kuzungushia pete ya gesi, kilikuwa mkononi mwake muda wote ule. Simu hapokei tena. Kama anasoma hapa, nakitaka kifunguo changu.